Jina la Mgeni Kapewa Paka

Nimekulia katika nyumba ambazo paka hana jina. Paka ni paka. Ukimtaka unamwita kwa midomo, humtaki unamrushia ndara, na maisha yanaendelea. Mbwa angalau huitwa Simba au Popi, maana mbwa ana kazi ya ulinzi na mlinzi sharti aitwe. Lakini huyu anayekamata panya akijisikia, na kula dagaa zako asipojisikia, umpe jina la nini? Kwa hiyo binti yangu alipoleta habari za kumtafutia jina paka aliyemwokota chini ya simtanki la maji, nilicheka sana. Nilimwambia kama ana jina la ziada ampe baba yake, maana mimi namwita "wewe" tangu tuoane.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Bunju. Tulihamia kama wanavyohamia wengi huku, nyumba ina bati na milango ya nje tu, mengine Mungu atajalia. Sakafu ilikuwa ya saruji isiyosawazishwa, na dari hatukuwa nayo. Hatuna mpaka leo. Kuta za vyumba zinapanda kidogo juu ya milango, halafu ni mbao na bati. Ukipiga chafya chumbani kwetu, binti yangu anakupa pole akiwa chumbani kwake. Mume wangu hupenda kusema hii ni nyumba isiyo na siri. Mimi nilikuwa nikimsikia namcheka moyoni, kwa sababu siri yangu ninayo, na kifua changu kina dari.

Ilikuwa kipupwe, ule wakati ambao hata Dar es Salaam mtu hujivutia shuka alfajiri. Paka mwenyewe alikuwa kitoto cha kijivu, mbavu nje, macho makubwa kuliko uso. Chini ya tumbo, pale ambapo mtu angekuwa na kitovu, alikuwa na doa jeupe. Doa lile sikuliona siku ya kwanza. Siku ya kwanza niliona mdomo mwingine wa kulisha.

Binti yangu alikuwa darasa la tatu, na shuleni walikuwa wanafundishwa jua na sayari zake. Alizikariri zote, na kila tulipokaa mkekani kula alikuja na moja.

"Zuhura," alisema.

"Hilo la watu," nikamwambia. "Mtaa huu tu wapo watatu, na mmoja ananiuzia mkaa. Siku nikimfokea paka, nani atanielewa?"

"Zohali?"

"Zohali ina pete, bwana," baba yake akadakia. "Huyu hana hata hereni. Muite Mirihi. Nyekundu ile, halafu huyu ana hasira kama mama yako."

"Mshtarii?"

"Mpaka umalize kuliita hilo, paka keshavuka barabara ya Bagamoyo."

Tuliendelea hivyo siku kadhaa. Nakiri nilikuwa nafurahia. Nyumbani kwetu hatukuwa watu wa kuchekacheka sana, na yule paka asiye na jina alituketisha pamoja tukibishana upuuzi. Nilianza hata kumwachia kichwa cha samaki, kwa kificho, ili wasije wakasema nimelainika.

Asubuhi moja nilikuwa uani nachoma chapati. Binti yangu akaja na sare yake ya shule, paka kamkumbatia kifuani.

"Mama, nimepata. Anaitwa Kilimia."

Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ikaungua mpaka ikatoa moshi. Niliitoa kwa mkono mtupu nikaitupa, na moto wenyewe sikuusikia.

"Nani kakwambia hilo jina?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo nani?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Nimelipenda tu, mama. Si ni nyota?"

Ni nyota, kweli. Kilimia ni zile nyota ndogo zilizojikusanya pamoja hata ukizikodolea macho unashindwa kusema ziko ngapi. Mama yangu alinionyesha nikiwa mdogo, tunakaa Temeke, umeme ukikatika na mtaa mzima umekaa nje vibarazani. Yeye kwao ni kusini, Newala huko, na kwao kilimia kikianza kuonekana mashariki jioni watu hutoa majembe, mvua haiko mbali. Kila mwaka huzama, hupotea kabisa angani, halafu hurudi alfajiri wakati watu wengi wamelala. Mama alikuwa akiimaliza habari hiyo kwa msemo ambao wengi wameusikia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikumfundisha binti yangu hata neno moja la haya. Sikuthubutu, maana Kilimia lilikuwa jina la mwanangu wa kwanza, na duniani hapakuwa na mtu aliyelijua isipokuwa mimi.

Mwanangu huyo alizaliwa tukiwa bado tumepanga Temeke, katikati ya masika, maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Alikuwa wa kike. Kwetu mtoto akizaliwa hatuulizi jina. Anaitwa mgeni, mpaka kitovu kidondoke. Watu wakija kumwona husema, "Tumekuja kumwona mgeni," na wewe unajibu, "Mgeni hajambo." Wazee wana sababu zao. Wanasema mgeni anaweza kukaa na anaweza kuondoka, na ukimpa jina kabla hajaamua unakuwa umemfunga kamba. Kitovu kikishadondoka, hapo amekaa, apewe jina na kuku achinjwe.

Mume wangu alikuwa na jina lake mkononi, la bibi yake mzaa baba, na ukoo mzima ulikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa na langu na nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nangojea kitovu tu. Lakini mtu mwenye papara kama mimi hawezi kungoja kwa ukamilifu. Watu wakitoka, tukibaki wawili, nikawa namnong'oneza wakati ananyonya. Kilimia. Taratibu, nalivuta mwisho. Alikuwa akisikia anaacha kunyonya kidogo, ananisikiliza, halafu anaendelea.

Homa ilimpanda asubuhi. Alasiri alikuwa hayupo. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka.

Mama yangu ndiye aliyemtoa mikononi mwangu. Alitoka naye barazani, nikamsikia akiwaambia wanawake waliokuwa wamekaa, "Mgeni ameondoka." Hivyo tu. Hakusema mtoto amefariki. Mume wangu alimbeba mwenyewe kwenda naye makaburini, kifurushi kidogo cheupe, mvua inanyesha, na wanaume wachache nyuma yake. Sisi wanawake hatuendi. Kaburi sijaliona. Aliporudi, suruali imejaa matope mpaka magotini, nilimuuliza kama wameweka kibao.

"Tungeandika nini?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, naye akangoja nimjibu. Ningeweza kumjibu, nikanyamaza. Wanawake walikuwa wameniambia nisilie sana, mwenye kumlilia mgeni anawazibia njia wanaokuja. Mimi si mtu wa kuambiwa nikasikia, lakini hilo nililisikia kwa sababu nilitaka wengine waje. Nikameza kilio na jina, vyote pamoja. Baada ya muda mrefu akaja huyu binti yangu, na kitovu chake kilipodondoka wakampa jina la bibi yule, wala sikubishana. Hakujua kwamba si wa kwanza. Hapakuwa na picha ya kumwonyesha wala jina la kumtajia.

Leo kuliandika jina hilo naweza. Wakati ule kulitamka kwa mdomo wangu nilikuwa siwezi, na sasa lilikuwa linaitwa uani kwangu mara kumi kwa siku.

Nilianza na mume wangu. Alikuwa anavaa viatu aende kazini, Mikocheni, kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki, yeye ni mtunza stoo.

"Umemwambia mtoto nini?"

"Kuhusu nini?"

"Hilo jina la paka."

Alifunga kamba za kiatu, akazifungua, akafunga tena. "Jina zuri," akasema. "Muache mtoto na paka wake." Akaondoka. Nilibaki nimesimama mlangoni nikikasirika. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba hakuuliza jina lenyewe ni lipi.

Nilianza kuogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nasema kuogopa kwa maana yake ile ile, ya moyo kwenda mbio mchana kweupe ukiwa umeshika mwiko. Binti yangu akisimama mlangoni na kuita, "Kilimia, njoo ule!" kifua kilinibana pale pale ambapo maziwa yalikaukia. Nilikuwa naacha ninachofanya. Siku moja niliitika. Niliitika, "Abee," kama vile aliyeitwa ni mtu wangu na mimi ndiye wa kujibu badala yake. Binti yangu aligeuka kuniangalia.

Halafu nikakuta paka analalia nini. Binti yangu alikuwa amemtandikia kitambaa kwenye beseni bovu. Niliinama kukitoa nikifue, nikakijua kwa mkono kabla ya macho. Kilikuwa kipande cha kanga, kanga ya zamani iliyolainika, niliyoichana vipande vya kumfunga mgeni. Nilikuwa nimekificha chini kabisa ya mfuko wa matambara.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Kwenye mfuko wa matambara, mama. Kilikuwa laini kuliko vyote."

Ilikuwa na maana, hilo nililijua hata wakati ule. Mtoto akitafuta kitambaa laini atachimba mfuko mpaka akipate. Lakini mtu mwenye hofu humwambii habari za maana. Nilikirudisha kwenye beseni na sikukifua.

Na asubuhi zilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa naamka koo limekauka, sauti imekwaruza. Hilo halikuwa jipya, lilinipata miaka na miaka, Temeke nililaumu unyevu na Bunju nililaumu vumbi la batini. Jipya ni kwamba sasa kila nikifumbua macho paka alikuwa miguuni kwangu. Amelala chumba cha mtoto, mlango wa pazia, amevuka ukumbi, amekuja. Amekaa juu ya miguu yangu ananitazama usoni, masikio ameyasimamisha, kama anangoja nimalizie nililokuwa nasema. Na mimi sikuwa nimemwita. Siku moja akajigeuza kwenye miale ya jua ili akunwe tumbo, ndipo nikaliona lile doa jeupe la kitovuni. Nilivuta miguu kwa nguvu nikamwangusha.

Nikaenda Buguruni kwa mama. Mama anauza nazi sokoni, amekaa mahali pale pale tangu mimi nasoma, na ukitaka kuzungumza naye lazima ukae juu ya gunia umsaidie kuzifua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekuparama? Mke mwenzangu hajambo?" Mke mwenzake ni binti yangu. Huo ndio utani wao.

"Hajambo. Mama, ulimwonyesha zile nyota zako?"

"Nyota gani?"

"Zile za kulimia."

Akacheka. "Nimwonyeshe wapi? Hapa Buguruni nyota iko wapi, taa tupu. Na huko kwenu nikija nalala saa mbili. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, ya paka, ya kanga, ya doa. Ya jina nilieleza kwa kuzunguka. Nilisema, "Jina alilompa paka ndilo nililokuwa nimempa yule mgeni." Kulitaja nilishindwa hata mbele ya mama yangu mzazi, na hakunilazimisha, alishajua ni lipi. Aliacha kufua nazi. Wateja wawili walisimama wakaondoka bila kuhudumiwa.

"Ulimpa jina," akasema.

"Nilimnong'oneza tu."

"Kitovu hakijadondoka."

"Ndiyo, mama."

"Mie nilikwambia mgeni hapewi jina. Ukampa." Hakuwa anafoka, na ningependelea afoke. "Ameondoka wakati wa mvua. Huyu paka kaja lini?"

"Kipupwe hiki, jua tupu."

Tukaangaliana. Ule msemo hakuna aliyeusema, sote tulikuwa tunaujua.

"Asiye na jina haitwi, na asiyeitwa hupumzika," mama akasema. "Wako ana jina, mwanangu. Anajua pa kurudi. Mtoe huyo paka nyumbani kabla mtoto hajamzoea zaidi. Usimuue, usimpige. Mtie kwenye kiroba asione njia, umlete hapa kwa wauza samaki. Hapa hafi njaa."

Nilirudi Bunju nimeshaamua. Nilijua nitamuumiza binti yangu, na hii si nyumba iliyojaa furaha kiasi kwamba unaweza kuipunguza ukidhani haitaonekana. Lakini niliona afadhali alie kwa paka wiki moja kuliko kuishi na kile kilichokuwa kinakuja miguuni kwangu kila asubuhi. Nilikuwa na hofu nyingine pia, ambayo hata mama sikumwambia. Nilianza kumpenda. Asubuhi zile, kabla woga haujaniingia sawasawa, kulikuwa na kitambo kidogo ambacho uzito ule juu ya miguu ulikuwa mtamu.

Kesho yake mchana nilichukua kiroba cha mchele, nikamwita bodaboda kwa simu, nikamtega paka kwa kichwa cha samaki. Aliingia mwenyewe. Alikuwa ananiamini. Nilifunga mdomo wa kiroba kwa kamba ya katani, nikakaa nacho kwenye ngazi ya mlango, nacho kinalia na kujipindapinda. Nilikuwa nimepanga nitoke mapema kabla shule haijaachia. Bodaboda akachelewa, kama kawaida yao wakishakwambia "niko hapo nje". Binti yangu ndiye aliyetangulia kufungua geti.

"Nini hicho, mama?"

"Taka."

Taka zikalia.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alivua begi, akaja akakaa chini mavumbini, akakizungushia kiroba mikono yote miwili.

"Mama, usimpeleke."

"Namtafutia mahali pazuri. Kwa bibi, kuna samaki wengi."

"Usimpeleke, mama. Ukimpeleka, ukiita usiku nani atakuja?"

"Nikiita nini?"

"Kilimia."

Nilimwangalia. Alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka vizuri, ya mtoto aliyeyaweka muda mrefu.

"Unaitaga, mama. Tangu niko mdogo. Mie nasikiaga kule chumbani. Unaita, halafu unangoja, halafu unaita tena. Baba alisema tusikuamshe, na nisikwambie, utajisikia vibaya. Mie nikajua kuna kitu chako kimepotea. Nikawa nasikitika, kwa sababu unaitaga na hakuna anayekuja. Basi huyu alipokuja, na mwalimu akasema Kilimia ni nyota, nikampa yeye lile jina. Ili ukiita, mtu aje." Akafuta kamasi kwa mkono wa sare. "Na anakujaga, mama. Ukiita tu, anashuka kitandani kwangu anakuja kwako."

Nje ya geti bodaboda akapiga honi. Nilisikia sauti yangu ikimwambia, "Nenda kaka, safari imevunjika," naye akaanza kudai nauli ya kumsumbua, sikumjibu. Kamba ikagoma kufunguka, mpaka nikaing'ata kwa meno. Paka alichomoka ndani ya kiroba hata hakutuangalia. Akapita chini ya michongoma ya jirani, akatokomea.

Mpaka alasiri inaisha hakuwa amerudi. Binti yangu alizunguka mtaa mzima akiita. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta bado kwenye ile ngazi, kiroba mapajani. Aliangalia kiroba, akaniangalia, akavuta ndoo akakaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua unaita."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyotoka makaburini. Mara ya kwanza nilidhani umeamka. Nikawasha taa, nikakuta umelala, unaita." Alikuwa anaongea huku anaangalia mikono yake. "Ndio nikajua alikuwa na jina. Nilirudi kule kwenye kaburi kuandika kibao. Nikafika, nikaona si haki yangu. Hukunipa wewe."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Mchana walikukataza kulia," akasema. "Mie nikasema basi, angalau usiku wakuachie."

Nilimsogelea mtu huyo ninayemwita "wewe". Nilimshika mkono, jambo ambalo hatuna desturi nalo, hasa uani. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa upande wa barabarani. Binti yangu akarudi, miguu vumbi tupu, hana paka.

"Hataki," akasema. "Nimemwita kila mahali. Ameogopa." Akasimama mbele yangu. "Ita wewe, mama. Ita kama unavyoitaga."

"Sijui naitaje, mwanangu. Nakuwa nimelala."

"Mie najua."

Akanyoosha mgongo. Akafumba macho, akaita. Hakuita kama alivyokuwa akiita siku zote, kwa ile sauti ya mlangoni, ya njoo ule. Aliita kwa sauti ya chini, taratibu, akilivuta mwisho, halafu akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza, halafu akaita tena. Ilikuwa sauti yangu ya Temeke. Ilikuwa ile niliyokuwa namnong'oneza mgeni wangu akiwa ananyonya, watu wameshatoka, mvua iko batini. Wakati ule mwanangu huyu hakuwa amezaliwa, na hapa alikuwa ameisimamisha mbele yangu yote kamili, hata pale pa kungoja.

Mume wangu aliinamisha kichwa.

Nilifungua mdomo, jina halikutoka. Nikafungua tena, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti, vile tunavyolia sisi watu wa kusini msibani, mbele ya mtoto, mbele ya mume, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta na taulo begani kuuliza kuna msiba gani.

"Upo," mume wangu akamjibu. "Wa zamani."

Kilio kilipopungua nikafuta uso kwa kiroba, maana ndicho nilichokuwa nacho. Kisha nikaita. Kilimia. Nikalivuta mwisho, nikangoja. Nikaita tena.

Nyuma ya simtanki kitu kikajongea. Akatoka polepole, amejaa vumbi, sikio moja limelala. Binti yangu alichuchumaa kumpokea, paka akampita. Akampita na mume wangu. Akaja mpaka kwenye ngazi, akanusa kile kiroba, halafu akapanda juu ya miguu yangu akakaa.